ACHA KWANZA
Andiko: Zaburi 32:1–5



Mnaijua ile seva ndogo ya ofisi, yenye rekodi za sadaka na mchango wa matibabu. Stima ilipotea ghafla ikiwa katikati ya kuandika. Iliporudi, mafaili mengine yalikataa kufunguka. Mimi niliyesomea biashara nikaona aibu, nikanyamaza. Wiki mbili nzima niliendelea kuingiza michango mipya, nikijiambia itakuwa sawa.

Haikuwa sawa. Mfumo wa mafaili ukiharibika, orodha inayoonyesha kila faili liko wapi haiaminiki tena. Seva inaona nafasi tupu mahali penye rekodi ya mtu, inaandika juu yake. Kumbe bidii yangu ndiyo iliyokuwa inafuta!

Fundi aliyetoka Wajir mjini hakukimbilia kutengeneza. Aliniambia, "Pasta, acha kwanza." Akaitoa diski kwenye matumizi, akanakili kila kitu pembeni, ndipo akaendesha programu ya ukaguzi iitwayo fsck. Vipande vilivyopoteza majina vikawekwa kwenye folda ya peke yake, vikiwa na namba tu. Tukavifungua kimoja kimoja kutafuta ni vya nani.

Ndugu zangu, Daudi naye alifanya hivyo hivyo. Baada ya dhambi yake na Bathsheba aliendelea kukaa kwenye kiti cha enzi. Nathani alipomletea kesi ya yule mwana-kondoo, alimhukumu mtu mwingine kwa ukali (2 Samweli 12:1–7). Kazi iliendelea, lakini ndani kumeharibika. Katika zaburi hii anakiri kwamba kunyamaza kulimmaliza mwili, mpaka alipomwambia Mungu yote.

Mpendwa, huduma haifuniki uharibifu. Unaweza kuongoza sifa Jumapili na nyumbani hamsemezani wiki ya tatu. Acha kwanza. Funga, omba, ukubali kukaguliwa. Usiogope: Bwana anajua kila kipande ni cha nani, hata kilichopoteza jina.

Lakini toba ina gharama. Zakayo alirudisha (Luka 19:8). Rekodi nyingine hazikurudi, na kosa ni langu, si la stima. Jumapili baada ya ibada nitakaa mezani pale mbele. Leteni risiti zenu tuandike upya pamoja, na mnisamehe.

Ombi: Bwana, nisimamishe kabla sijafuta zaidi. Amina.