Mtoto wa Nje ya Ndoa Abatizwe?

Vijana wenzangu, hili linakuja sana kwenye jumuiya zetu: binti amezaa nje ya ndoa, anaomba mtoto abatizwe, anaambiwa, "Fungeni ndoa kwanza." Hivi mtoto ana kosa gani?

Tuangalie sheria yenyewe. Kanuni ya 868 inadai mambo mawili: angalau mzazi mmoja akubali, na kuwe na tumaini la kweli kwamba mtoto atalelewa Kikatoliki. Ndoa ya wazazi haikutajwa. Tumaini likikosekana kabisa, ubatizo unaahirishwa, na wazazi wanaelezwa sababu. Januari 2014 Papa Fransisko alimbatiza, katika Kikanisa cha Sistina, mtoto ambaye wazazi wake walikuwa na ndoa ya serikali tu.

Lakini jamani, hilo "tumaini" lina uzito. Nani atamfundisha mtoto ishara ya msalaba? Hapo ndipo msimamizi anapohitajika: awe ametimiza miaka 16, amepokea Ekaristi na Kipaimara, na anaiishi imani. Siyo bosi mwenye gari, wa kuchangia sherehe! Dada, mtafute mama wa jumuiya anayesali, hata kama zawadi yake ni rozari tu, muende pamoja kwa katekista.