Alama ya Kompyuta na Ufahamu wa Mwalimu Tarajali

Upimaji wa kompyuta katika saikolojia ya elimu ni utaratibu ambao mwalimu tarajali hujibu maswali kwenye skrini, programu ikasahihisha papo hapo na kumpa matokeo, mara nyingi pamoja na maelezo ya kwa nini jibu lake ni sahihi au si sahihi. Katika masomo mengi jambo hili ni la kiufundi tu: je, linaokoa muda wa mkufunzi, na je, linapima kwa haki? Katika saikolojia ya elimu hubeba swali zito zaidi, kwa sababu somo lenyewe ndilo linaloeleza kujifunza ni nini, kusahau hutokeaje, na mtu atajuaje kwamba mwenzake ameelewa. Kila jaribio analopewa mwalimu tarajali humfundisha mambo mawili kwa pamoja: kile kilichoulizwa, na namna ya kuelewa maana ya kujua. Hilo la pili ndilo atakaloingia nalo darasani, na watoto watapimwa kwalo kwa miaka mingi.

Mashine ilianza kutumika katika somo hili kabla kompyuta hazijakuwapo. Mwaka 1924 Sidney Pressey, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio nchini Marekani, alionyesha wanasaikolojia wenzake kifaa kidogo chenye dirisha na vitufe vinne. Swali lilitokea dirishani, mwanafunzi akabonyeza kitufe cha jibu alilochagua, na kifaa kikahesabu alichopata. Palikuwa na wenzo mdogo ambao ukigeuzwa, kifaa kilibadili kazi: hakikusogea kwenye swali linalofuata mpaka kitufe sahihi kibonyezwe. Kwa badiliko hilo moja mtihani uligeuka kuwa somo. Vifaa vya aina hiyo vilijaribiwa chuoni hapo kwa wanafunzi wa saikolojia ya elimu, na mwaka 1934 J. K. Little alichapisha utafiti uliohitimisha kwamba madarasa yaliyovitumia yalijifunza vizuri zaidi kuliko yale yaliyopimwa kwa njia ya kawaida.

Sababu ya mafanikio hayo inaeleweka vizuri zaidi leo. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo vifungu vifupi vya kusoma. Baadhi walivirudia kuvisoma, na wengine waliandika yote waliyoyakumbuka bila kuviangalia. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka, na waliojikumbusha ndio waliokuwa wamehifadhi zaidi, ingawa waliorudia kusoma ndio waliokuwa na imani kubwa kwamba wangekumbuka. Kulitafuta jambo kichwani kunaliimarisha kuliko kulipitia tena kwa macho. Mwalimu tarajali anayepewa jaribio fupi kila wiki hujifunza sura ya kumbukumbu kwa kuipitia mwenyewe, kwa maana anagundua kwamba alichodhani anakijua kimeshamponyoka. Hakuna mhadhara unaoweza kumwonyesha hilo kwa uwazi kama huo.

Pingamizi la kwanza dhidi ya maswali ya kuchagua jibu lilitoka kwa mwanasaikolojia mwingine aliyetengeneza mashine za kufundishia, B. F. Skinner, katika miaka ya 1950. Skinner alitaka mwanafunzi aliunde jibu lake badala ya kulichagua, kwa hoja kwamba orodha ya majibu manne humweka mbele ya makosa matatu yaliyopambwa yafanane na ukweli. Hoja hiyo ina nguvu, lakini haifungi mjadala. Utafiti wa baadaye umeonyesha kwamba madhara ya vipotoshi, yaani majibu ya makosa yaliyowekwa kwenye orodha, hupungua sana pale mjibuji anapopewa mrejesho. Uzito wa kazi basi uko kwenye maelezo yanayofuata jibu, na programu inayotoa alama tupu huacha sehemu yenye thamani kuliko zote.

Hata mrejesho ukiwa mzuri, swali la kifalsafa linabaki: jibu sahihi linathibitisha nini? Ludwig Wittgenstein, ambaye katika miaka ya 1920 alifundisha shule za msingi katika vijiji vya Austria, aliliweka swali hili kwa mfano wa mwanafunzi anayefundishwa kuongeza 2 kila mara. Anaandika namba zote sawasawa hadi 1000, kisha anaendelea kwa 1004, 1008, 1012, naye anaona anafanya vilevile kama mwanzo. Majibu yote ya awali yalikuwa sahihi. Hakuna idadi ya majibu inayoweza kumhakikishia mwalimu kwamba kanuni iliyo kichwani mwa mwanafunzi ndiyo ile aliyoikusudia. Jambo hili humpata mwalimu yeyote, mwenye chaki au mwenye kompyuta. Tofauti ni kwamba mwalimu aliyekaa na mwanafunzi anaweza kumwuliza, “Umefikaje hapo?”

Dhana ya uimarishaji hasi inaonyesha shida hiyo ilivyo katika mafunzo ya ualimu. Wanachuo wengi huichanganya na adhabu. Uimarishaji hasi ni pale tendo linapozidi kurudiwa kwa sababu limemwondolea mtendaji jambo linalomkera. Adhabu hukusudia kulipunguza tendo. Kompyuta hupima tofauti hiyo kwa urahisi, na mwanachuo makini huipata. Kisha anakwenda kwenye mazoezi ya kufundisha. Kipindi cha hisabati, mtoto mmoja anaanza kuwachokoza wenzake, na mwalimu tarajali anamtoa nje. Anaamini ameadhibu. Ikiwa hisabati ndiyo iliyokuwa ikimtesa mtoto, kutolewa nje kumemwondolea mateso, na kesho atachokoza mapema zaidi. Mwanachuo aliyepata alama zote kwenye dhana hiyo ameitenda kwa mikono yake bila kuitambua.

Gilbert Ryle alitenganisha mwaka 1949 kujua kwamba jambo ni kweli na kujua namna ya kufanya jambo, na mara nyingi tofauti hiyo hutajwa kana kwamba inamaliza suala. Hapa haitoshi. Waandaaji wazuri wa maswali ya kompyuta wanaweza kuiziba sehemu kubwa ya pengo: wakaacha kuuliza maana ya istilahi, wakaonyesha video ya darasa, wakamtaka mwanachuo abashiri mtoto atafanya nini kesho na aeleze kwa nini. Maswali hayo yanapima hukumu, na ni bora mara nyingi kuliko insha inayoandikwa kwa kukariri. Lakini kila swali lililoko kwenye skrini limeshakatwa kutoka kwenye mkondo wa mambo na kupewa namba. Mwanachuo anajua kwamba mbele yake kuna jambo la kuamuliwa. Darasani hakuna anayemwambia kwamba uchokozi wa mtoto yule ni swali la 7. Kazi ya kwanza ya mwalimu ni kuona kwamba kuna swali, na uwezo huo ndio usiopimika kwa kuletewa swali.

Historia ya taaluma yenyewe inaunga mkono tahadhari hii. Karibu na mwaka 1920 Jean Piaget alipewa kazi mjini Paris, katika maabara iliyoachwa na Alfred Binet, ya kusanifisha majaribio ya Kiingereza ya uwezo wa kufikiri kwa ajili ya watoto wa Ufaransa. Kazi yake ilikuwa kuhesabu majibu sahihi. Kilichomvuta ni majibu yaliyokosewa: watoto wa umri mmoja walikosea kwa namna zinazofanana, kana kwamba nyuma ya kosa palikuwa na mantiki yake. Akaanza kuzungumza nao na kufuata mawazo yao yanakoelekea, na kutoka hapo ikaanza nadharia inayofundishwa leo katika vyuo vingi vya ualimu. Inasikitisha kuona nadharia hiyo sasa ikipimwa kwa kumtaka mwanachuo achague hatua fulani huanza mtoto akiwa na miaka mingapi. Namba inabaki na mtoto anapotea.

Hata hivyo kompyuta inaweza kumrudisha mkufunzi kwenye njia ya Piaget. Programu huhifadhi kila jibu lililochaguliwa, likiwamo lililokosewa, jambo ambalo mkufunzi mwenye karatasi mia tatu za kusahihisha halifikii. Ikiwa nusu ya darasa imeangukia kipotoshi kilekile, hapo pana fikra moja inayoshirikiwa, na kipindi kinachofuata kinastahili kuanzia hapo. Kwa matumizi hayo, jaribio humfundisha mkufunzi kuhusu wanachuo wake, nao wanachuo hushuhudia kosa likishughulikiwa kama habari yenye thamani. Watakaposahihisha madaftari ya watoto watakuwa na mfano wa kufuata.

Nchini Tanzania mjadala huu una mizizi yake. Katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, Julius Nyerere alilaumu mitihani iliyopima uwezo wa kujifunza mambo na kuyatoa yanapotakiwa, huku ikiacha uwezo wa kufikiri, tabia ya mtu na utayari wake wa kutumikia. Azimio la Musoma la 1974 likataka uzito wa mtihani mmoja wa mwisho upunguzwe. Kompyuta inaweza kutumikia shabaha hiyo, kwa kuwa majaribio madogo ya mara kwa mara ndiyo inayoyaweza zaidi. Inaweza pia kufanya kwa kasi kubwa kile kile kilicholaumiwa. Uamuzi uko kwa anayetunga maswali na anayeamua alama itabeba uzito gani.

Programu ina fadhila moja ya kimaadili isiyopaswa kupuuzwa: inaposahihisha haiangalii jina la mjibuji, kabila lake, wala mwandiko wake. Lakini kutopendelea ni sehemu tu ya haki. Aliyegusa kompyuta kwa mara ya kwanza alipofika chuoni, au aliyekatikiwa na umeme katikati ya jaribio, hakupimwa sawa na mwenzake ingawa maswali yalikuwa yaleyale. Tena anayehukumiwa anastahili kuwa na mtu wa kumwuliza, mtu anayeweza kusikiliza hoja na kubadili uamuzi. Programu hutekeleza ufunguo wa majibu uliowekwa na mkufunzi, na ufunguo huo unaweza kuwa na kosa, hasa katika maswali ya visa ambapo majibu mawili yanaweza kutetewa. Mwanachuo anapoleta hoja ya namna hiyo, mkufunzi hulifungua swali upya, akamsikiliza, na hoja ikisimama, hurekebisha alama za wote waliochagua jibu hilo, hata wale ambao hawakulalamika.