Vigae Tisa

Maboksi ya vigae yalipofika Kapolowe-Gare, mashine ya kuvikatia ilikuwa imeshanunuliwa. Hasara yote ilianzia hapo, ingawa siku hiyo hakuna aliyeiona. Watu waliosaidia kushusha mzigo walikuwa wakicheka na kusifu rangi.

Majina nimeyaacha, kwa kuwa hiki ni kisa cha kufunzia na si cha kumwaibisha mtu. Mwenye nyumba ni mama muuza samaki. Huwanunua kwa wavuvi wa ziwa Tshangalele na kuwapeleka Likasi, na safari nyingine hufika nao hadi Lubumbashi. Nyumba yake ameijenga kidogo kidogo kwa matofali ya kuchoma: mwaka huu ukuta, mwaka mwingine bati, halafu madirisha. Sasa ilibaki sakafu ya sebule. Fundi wake ni mtoto wa mdogo wake, kwa hiyo yeye humwita Mama Mkubwa, naye huitwa mwanangu, na kazi baina ya watu wanaoitana hivyo haiandikiwi karatasi.

Kijana huyo si mvivu wala si mjinga. Ufundi aliupata Likasi kwa kumshikia mtu mwingine kazi za bafuni: vigae vyepesi vya ukutani, vya sentimita 20 kwa 30, vyenye mgongo mwekundu. Vigae vya namna hiyo humsamehe mtu. Ukibonyeza sana vinakubali, ukibonyeza kidogo vinakubali. Aliyejifunzia kwenye vigae hivyo anaweza kukaa miaka akidhani anajua kukata, kumbe kigae ndicho kinachojua kukatika.

Kwamba alitaka mashine ya mkono, hapo hakukosea. Kapolowe wanaliona ziwa hilo la Tshangalele, lililozaliwa na bwawa la Mwadingusha, lililojengwa kwenye mto Lufira na kukamilika mwaka 1930 ili kuzalisha umeme wa viwanda vya shaba. Mwaka 2021 mitambo ya hapo, baada ya kukarabatiwa, ilirudi kazini ikiwa na uwezo wa megawati 78, na mgodi wa Kamoa-Kakula upande wa Kolwezi ukawa mmoja wa wanufaika wake wakubwa. Lakini nyaya kupita juu ya kijiji ni jambo moja, na taa kuwaka ndani ya nyumba ni jambo jingine. Fundi anayetegemea soketi Kapolowe atakuwa na siku nyingi za kukaa. Mashine ya mkono haimwulizi mtu habari ya umeme, haipigi kelele, na haitimui vumbi.

Basi akaenda Likasi na pesa mfukoni, akaingia dukani, akauliza bei. Katika mashine zilizokuwa rafuni alichukua ya bei ya chini ambayo boksi lake liliandikwa sentimita 60. Hakuifungua. Hakushika mpini na kuutikisa kushoto na kulia aone kama kichwa kinacheza juu ya reli. Hakuzungusha kigurudumu kwa kidole aone kama kinayumba. Reli zake zilikuwa nyembamba, za aina inayonesa katikati ukiilemea, na kitako chake kilikuwa bati lililokunjwa. Wala hakuuliza kama duka lina vigurudumu vya akiba, nami naliona hilo ndilo swali la kwanza, kwa sababu kigurudumu huisha na mashine isiyo na akiba ni chuma chakavu kinachosubiri siku yake.

Hata hivyo, sidhani ubahili ndio uliomponza. Alinunua mashine kabla ya kujua itakata nini. Mama Mkubwa alikuwa amemwambia tu kwamba ataleta "makaro mazuri ya Lubumbashi," yaani vigae, na yeye hakuuliza mazuri ya namna gani.

Yalikuwa ya porselini, 60 kwa 60, boksi moja vigae vinne. Porselini huchomwa kwa moto mkali mpaka udongo unafunga kabisa. Kwa kipimo cha kimataifa, kigae cha aina hiyo hakitakiwi kunywa maji zaidi ya nusu asilimia ya uzito wake, wakati kile chepesi cha ukutani hunywa asilimia 10 na kuzidi. Huhitaji maabara kuvitofautisha. Geuza kigae, dondoshea maji mgongoni, subiri kidogo. Maji yakizama, ni kigae laini. Yakibaki juu yakitazamana nawe, jua umeshika kitu kigumu, na mashine ya kubahatisha haitakifaa. Kigae kimoja kingesafiri na fundi hadi dukani, mwenye duka angekijaribu kwenye mashine mbili tatu, na kisa hiki kisingekuwepo.

Urefu nao una hesabu yake. Mashine ya sentimita 60 hukipokea kigae cha 60 kikiwa kimenyooka, tena kwa kubanana. Ukitaka kukikata kutoka kona hadi kona unahitaji karibu 85. Anayeweka vigae vya 60 na anaweza kumudu, achukue ya 90 na asijute.

Kazi ikaanza asubuhi. Kigae cha kwanza alikiweka, akapitisha kigurudumu, akabonyeza mguu wa kuvunjia. Kigae kikapasuka vipande vitatu, hakuna hata kimoja kilichofuata mstari. Cha pili akapitisha kigurudumu mara mbili ili mstari ukolee. Kikapasuka. Cha tatu mara nne, kwa nguvu zote, reli zikipinda katikati hadi mstari ukafifia palepale ulipotakiwa kuonekana. Kikapasuka. Cha nne kilikubali, na kukubali huko kukamdanganya, kwani alidhani amepata siri, nayo ni nguvu. Kabla ya saa sita alikuwa amevunja sita.

Akasema makaro ni mabovu, kiwanda kimechoma vibaya. Kila fundi husema hivyo, na mara moja moja huwa kweli.

Mama Mkubwa alikuwa amekaa kwenye kizingiti akipanga samaki. Akamwuliza, "Mwanangu, yule wa vioo kule Likasi, aliyenikatia vioo vya madirisha haya, alipitisha kile kijiti chake mara moja tu. Halafu akagonga kidogo, kioo kikaachana. Wewe mbona unarudia rudia?"

"Kioo ni kioo, Mama Mkubwa. Hii ni karo."

Jibu la haraka, na si sahihi. Porselini na kioo hukatwa kwa njia ileile. Kigurudumu hakikati. Ni kidogo, cha chuma kigumu cha tungsten kabidi, na kazi yake ni kuuchana uso wa kigae ili chini ya mchano ufunguke ufa mwembamba, ulionyooka, usioonekana kwa macho. Ufa huo ndio mkataji. Mguu wa kuvunjia unapobonyeza pande mbili za mstari, na chini ukingo wa katikati unasukuma juu, uso wa kigae unavutwa kushoto na kulia, na ufa unashuka hadi mgongoni kwa njia iliyokwisha kuandaliwa. Ukipitisha mara ya pili hukolezi chochote. Unaponda kingo za mchano wa kwanza na kufungua nyufa nyingine ndogo za pembeni, na kigae kikiulizwa kipite wapi, kina njia kumi za kuchagua.

Kwa hiyo hupitishwa mara moja, kutoka ukingo hadi ukingo bila kuruka sehemu, kwa mkono usiobadilika. Sikio husaidia kuliko jicho: sauti iwe moja mwanzo hadi mwisho, na ikikatika, mstari nao umekatika. Halafu kivunje hapohapo, kwa kubonyeza polepole karibu na ukingo, usikipige. Uso wa kigae ukiwa na mikwaruzo na vinundu, kigurudumu kidogo kitadunda juu yake. Vipo vikubwa, vya milimita 18 au 22, kwa ajili ya sura hiyo. Tone la mafuta kwenye ekseli ya kigurudumu, reli zifutwe vumbi kila jioni. Na miwani ya kazi, kwa sababu vipande vya porselini huruka na ncha zake hukata kama wembe.

Ndugu wawili wa ukoo wa Boada, katika mji wa Rubí karibu na Barcelona, walitengeneza mashine ya namna hii mwaka 1951, na kampuni iliyobeba jina la mji wao inaziuza hadi leo. Tangu wakati huo chuma kimeboreshwa, reli zimeimarishwa, lakini jambo lenyewe limebaki kuchana mara moja na kuvunja. Nalitaja kwa sababu kijana wetu alidhani mashine ya kisasa ina siri ambayo mkata vioo hana.

Alijaribu mara moja, kama Mama Mkubwa alivyosema, na kigae cha nane kikakatika vizuri. Cha tisa pia. Cha kumi kikaachana katikati ambako reli zilinesa, na hapo kosa halikuwa tena la mkono. Mkono mzuri huificha mashine dhaifu kwa muda tu.

Kosa lililofuata halikuhusu mashine. Alikuwa ameanza kupanga kutoka kona ya mlangoni, vigae vizima vikielekea ukuta wa mbele. Sebule ina upana wa mita 4 na sentimita 26. Vigae saba pamoja na nafasi za katikati vilikula mita 4 na 22, na kikabaki kijia cha sentimita 4 kando ya ukuta mzima. Ukanda mwembamba hivyo wa porselini haukubali kuvunjwa na mashine ya mkono hata ungekuwa na mashine ya mfalme. Upande mwembamba hauna nyama ya kubonyezwa. Akajaribu vitatu, akavunja viwili. Ndipo akakodi jenereta na mashine ya diski, akaanza kukata ndani ya nyumba, pasipo maji, pasipo kitambaa puani. Vumbi jeupe likajaa hadi jikoni. Vumbi hilo lina silika, ileile inayoleta ugonjwa wa mapafu uitwao silikosisi, na katika nchi ya migodi kama hii mtu hana haja ya kwenda mbali kumpata anayeujua. Mama Mkubwa alimtoa nje kwa ukali, na alifanya vyema. Diski ina mahali pake, kwa mfano kukata kona ya ndani ambayo mashine ya mkono haiwezi. Mahali hapo ni uani, na maji yakimwagika.

Dawa ya kile kijia ilikuwa penseli tu, kabla ya gundi. Panga vigae vikavu kutoka katikati ya chumba: sita vizima, na kila upande kipande cha sentimita 32 hivi. Hakuna ukanda, macho yanapendezwa, na kila mkato unavunjika kwa urahisi. Gharama yake ni kwamba mpango huo hula vigae vingi zaidi, kwa sababu baki la kila kigae kilichokatwa ni fupi mno kufaa upande wa pili. Kwa sebule hiyo, yenye urefu wa mita 5 na 10, unahitaji vigae 68 kamili. Fundi alikuwa amehesabu kwa mita za mraba, akaongeza asilimia kumi ya kuvunjika kama alivyofundishwa, akamwambia Mama Mkubwa alete maboksi 17. Maboksi 17 ni vigae 68. Asilimia kumi yote ilikuwa imemezwa na mpango wa sakafu kabla hakijavunjika hata kimoja, na yeye alikuwa ameshavunja tisa: saba vya asubuhi, viwili vya ukanda.

Aling'oa safu mbili gundi ikiwa bado mbichi, akaviosha vigae, akaenda Likasi kukodi mashine ya 90 yenye reli nene. Kazi iliyobaki haikuvunja kitu. Mama Mkubwa aliongeza maboksi matatu, lakini yalitoka kwenye uchomaji mwingine na rangi yake imepauka kidogo. Yamekwenda chini ya kabati na nyuma ya mlango, na mgeni asiyeambiwa haoni.

Mabishano yakawa juu ya nani alipie maboksi hayo. Kijana alisema hakuna kazi ya vigae isiyovunja. Mama Mkubwa alisema samaki wake wakioza hamdai mteja. Kwa maoni yangu boksi moja ni la mwenye nyumba, kwani hata kwa mkono wa fundi bora angelihitaji la akiba. Mawili ni ya fundi, kwa kuwa yeye ndiye aliyepima chumba, na yeye ndiye aliyeichagua mashine bila kukiona kigae. Ndivyo walivyogawana mwishowe, na fundi anayalipa yake kwa kazi ya jikoni, ambako vigae ni vya ukutani, laini, 25 kwa 40, na ile mashine yake ya bei ya chini inavikata bila taabu. Pesa ya kukodi ile ya 90 bado wanaibishania.