Herufi Kubwa na Sauti Kubwa

Tukipita katika njia za miji yetu ya Kongo, twaona kuta nyingi zimeandikwa kwa rangi: CETTE PARCELLE N'EST PAS À VENDRE, maana yake, kiwanja hiki hakiuzwi. Mwenye kiwanja ameandika kwa herufi kubwa tupu, tangu neno la kwanza hata la mwisho. Jirani yake auzaye mkate amefanya vivyo hivyo, na kinyozi, na fundi wa viatu. Hata matangazo ya shule na ya parokia pengine hufuata desturi hiyo. Basi twauliza: je, hili ni jambo la rangi na brashi tu, ama kuna wajibu ndani yake? Sisi twaona kwamba wajibu upo.

Kwanza tujue asili. Waroma wa kale walipochonga maneno ya heshima juu ya mawe, walitumia herufi kubwa. Nguzo ya Kaisari Trajan, iliyozinduliwa Roma mwaka 113, ingali na maandishi yake, na wachongaji wa siku hizi huyatazama kama kielelezo. Herufi ndogo zilitoka katika mikono ya waandishi waliotaka kuandika upesi. Karibu na mwaka 800, katika ufalme wa Charlemagne, watawa walizieneza kwa umbo safi, na herufi ndogo za vitabu vyetu zimetokana na hizo. Tangu hapo aina hizo mbili zikagawana kazi: kubwa husimama mwanzo wa sentensi na mwanzo wa jina, ndogo hubeba mzigo uliobaki. Lakini Kiswahili cha pwani, kilipoandikwa zamani kwa herufi za Kiarabu, hakikuwa na kubwa wala ndogo, na watu walielewana. Basi herufi kubwa ni chombo tu, na chombo hupimwa kwa kazi yake.

Kazi hiyo twaijua vema tukitazama kinachopotea. Sisi tunaofundisha katekisimu twaandika Mungu kwa herufi kubwa mwanzoni, na mungu wa uongo kwa ndogo. Mwanafunzi huona tofauti kwa jicho kabla hajaelezwa. Tukiandika BWANA tupu ubaoni, je, ni Bwana wetu, ama ni bwana fulani wa mtaa wa pili? Yote yakiinuliwa sawasawa, hakuna lililoinuliwa.

Kifaransa chaleta hatari zaidi. Wengi wakiandika kwa herufi kubwa huacha zile alama za juu, ingawa Académie française yafundisha kwamba hata juu ya herufi kubwa alama zina thamani yake kamili. Basi mwuza makayabu aandikaye POISSON SALE ametangaza samaki mchafu, naye alitaka kusema SALÉ, samaki wa chumvi. Hapo twacheka. Lakini gazeti likiandika UN POLICIER TUE, nani amekufa? Bila alama, polisi anaua. Yenye alama, TUÉ, polisi ameuawa. Marehemu amegeuzwa kuwa mwuaji mbele ya watu wote! Hapo hatucheki tena. Jina jema la mtu limeguswa, na amri ya nane yatuhusu.

Wengine watajibu: herufi kubwa huonekana mbali. Neno hili tusilidharau. Ndani ya Basilika ya Mtakatifu Petro, maandishi ya Kilatini yanayozunguka kuba yana herufi kubwa zenye urefu mwingi, kwa sababu msomaji yuko chini kabisa. Huko Uingereza, Jock Kinneir na Margaret Calvert walipotengeneza vibao vya barabara mpya za magari, ambazo ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1958 karibu na Preston, waliandika majina ya miji kwa herufi ndogo zenye kubwa mwanzoni. Mchongaji David Kindersley aliwapinga, akatetea herufi kubwa. Watu wenye akili walibishana, wala hatutaki kuwahukumu. Tena, kwa neno moja fupi hakuna ubishi: STOP barabarani, DANGER DE MORT kwenye nguzo ya umeme. Aliye karibu kufa na apigiwe kelele.

Lakini je, asiye karibu kufa? Nchini Marekani, idara ya serikali ya hali ya hewa iliandika habari zake zote kwa herufi kubwa miaka mingi, kwa kuwa mashine za kale za kupeleka habari kwa waya hazikuwa na herufi nyingine. Mashine zilikwisha, desturi ikabaki. Tangu tarehe 11 Mei 2016 wakaanza kuiacha. Ila waliwapa watabiri ruhusa ya kutumia herufi kubwa panapo hatari kuu. Walifanya vema. Manyunyu na tufani yakitangazwa kwa sauti moja, nani atakimbia siku ya tufani?

Wahenga walisema: ngoma ikilia sana, karibu itapasuka. Mwenye kuandika kila neno kwa herufi kubwa hukosa mara mbili. Humfanya msomaji kuwa kama kiziwi au mtoto mkaidi, asiyesikia pasipo ukali. Tena hupunguza nguvu ya onyo la mwingine. Macho ya wapita njia ni kama kisima cha kijiji: kila mmoja akichota ovyo, siku ya moto maji hayapo. Mama aliyezoea kuona makelele katika kila ubao, kila karatasi na kila kopo, atapita vilevile juu ya neno SUMU lililoandikwa kwenye chupa, na mtoto wake yuko karibu.

Basi wewe mwalimu, karani, mchoraji wa vibao, kabla hujachovya brashi jiulize: nani atasoma, amesimama wapi, na asiposoma atapatwa na nini? Kama jibu ni mauti, andika SUMU, na herufi ziwe kubwa uwezavyo. Kama ni bei ya mkate au saa ya mkutano, sema naye kwa upole, kama vile ungesema naye uso kwa uso.