Je, Hushai Alitenda Dhambi?

Juzi baada ya ibada ya pili ndugu mmoja aliningoja nje mpaka watu wakaisha. Amenipa ruhusa kuandika haya bila kumtaja. Kazi yake ni ya serikali: kuingia kwa watu wanaopanga kuua, akijifanya mmoja wao. Hata mama watoto anajua tu kwamba anauza spea za magari. Akaniuliza, "Pasta, nikipiga magoti usiku nitubu nini? Nikitubu uongo, kesho asubuhi nitausema tena."

Sikuwa na jibu. Mimi nilisomea biashara, sio upelelezi. Lakini nilikumbuka kitabu cha mwaka 2018, Nine Lives, cha mtu anayejiita Aimen Dean. Hilo si jina alilozaliwa nalo. Alikulia Saudi Arabia, akaenda vitani Bosnia akiwa kijana mdogo, na mwaka 1997 akala kiapo mbele ya Osama bin Laden. Halafu ikaja Ijumaa ile ya Agosti 7, 1998. Nairobi walikufa watu 213, Dar es Salaam 11. Nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka watu wazima walivyonyamaza mbele ya televisheni. Wanafunzi wa Ufundi House na abiria wa basi walikuwa wamemkosea nani?

Dean naye swali hilo lilimsumbua, huko huko Afghanistan. Akamwendea mwalimu wao, akaelekezwa kwa hukumu ya zamani, ya siku za Wamongoli. Hakutosheka. Aliichunguza mwenyewe, akaona haihusiani kabisa na kulipua watu walio kazini mwao. (Nasi tujifunze hapo. Waberoya walimpima hata Paulo, Matendo 17:11. Mnipime na mimi.) Mwisho wa mwaka huo akaanza kuwafanyia kazi Waingereza, akarudi kambini kama mwenzao. Mpaka 2006 alikula nao, akaswali nao, na habari zao zikaenda London.

Biblia ina mtu kama huyo. Soma 2 Samweli 15 hadi 17. Daudi anamtuma Hushai kwa Absalomu ajifanye amehama upande. Absalomu anamshuku, naye anajibu maneno ya pande mbili, kwamba atamtumikia aliyechaguliwa na Bwana. Absalomu akadhani ni yeye! Na 17:14 inasema wazi kwamba Bwana ndiye aliyekusudia iwe hivyo. Wahubiri wengi tunaishia hapo, tunapiga makofi. Lakini shuka mpaka mstari wa 23. Ahithofeli anatandika punda wake, anaenda nyumbani, anatengeneza mambo ya nyumba yake, anajinyonga. Neno halituonyeshi Hushai akisherehekea.

Kwenye hesabu tulifundishwa usifiche deni ndani ya faida. Yote mawili yanaandikwa, kila moja mahali pake. Maisha yaliyookolewa yaandikwe. Uongo nao uandikwe, ukiitwa uongo.

Na tafadhali, mtu asitumie makala hii kumwambia bosi yuko kwa jam Roysambu na bado yuko kitandani. Hushai hakuwa anajificha na landilodi. Alitumwa, angeweza kuuawa, na hakujitafutia chochote. Uongo wetu mwingi unamlinda mmoja tu, yule anayeusema.

Yule ndugu nilimwambia asitubu kwamba aliokoa watu. Hilo amshukuru Mungu. Lakini wale anaowadanganya awataje mbele za Mungu mmoja mmoja, awaombee. Alinyamaza kwa muda mrefu. Akasema kuna mmoja ana mtoto wa rika la wake, na siku moja alimsaidia kulipa karo, na anampenda kweli. Siku ikifika, ni yeye atakayemkabidhi.

Tulimwombea huyo mtu hapo hapo kwenye maegesho. Jina lake hakunitajia.