Utu na Amri Ndani ya Kompyuta

Wanafunzi wanapoomba mkopo wa HELB, bodi ya Kenya ya mikopo ya elimu ya juu, saiba za katikati ya jiji la Nakuru hujaa. Mara dirisha moja linaganda. Mhudumu haizimi mashine; anabonyeza Ctrl, Alt na Delete, anaifunga programu iliyokwama, na barua iliyokuwa wazi kando yake inabaki salama.

Kinachomwezesha ni mfumo endeshi: programu kuu inayogawa kumbukumbu, kutunza mafaili, kuwasiliana na printa na kuamua nani atumie prosesa sasa hivi. Kila programu hufanya kazi kana kwamba mashine nzima ni yake. Kumbe mara nyingi katika kila sekunde, saa ya ndani huupa mfumo nafasi ya kuikatiza, kuichukua prosesa na kuipa programu nyingine.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Katika Windows 3.1 ya mwaka 1992, programu zilitarajiwa kuachiana zamu kwa hiari. Moja ikigoma, hata kwa hitilafu tu, zote zilisimama. Windows 95 ikaanza kuzipokonya zamu programu mpya. Apple nayo ikafika huko na Mac OS X mwaka 2001.

Je, hiari haitoshi? Mwaka 1651 Mwingereza Thomas Hobbes alidai kwamba watu wasio na mamlaka ya kuwatia hofu huishia vitani. Nakuru haikuhitaji kitabu kuielewa hoja hiyo. Januari 2008, baada ya uchaguzi uliozua utata, majirani waligeukiana, nyumba zikachomwa, na maelfu wakapiga kambi katika uwanja wa maonyesho ya kilimo.

John Mbiti, mwanateolojia mzaliwa wa Kitui, alishika njia nyingine. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 alieleza kwamba Mwafrika hujitambua kuwa mtu ndani ya jamii yake, kwa kuwa wenzake wapo. Fikra za namna hiyo ndizo zilizompa Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini jina la mfumo alioutoa mwaka 2004: Ubuntu, yaani utu.

Lakini kiini cha Ubuntu ni Linux, na Linux haibembelezi. Programu iliyomaliza muda wake huondolewa kwenye prosesa, ipende isipende. Jina ni la utu, mwenendo ni wa Hobbes.

Tofauti iko kwingine. Mtawala wa Hobbes hawajibiki kwa raia wake, ilhali msimbo wa Linux uko wazi: yeyote anaweza kuusoma, kuukosoa na kuurekebisha. Amri ni ileile, ila anayeamriwa ana haki ya kuikagua.

Mtu atauliza ni wangapi pale saiba watakaousoma. Pengine hakuna. Hata hivyo, Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliona kwamba kuingia kwenye kompyuta yake ya Linux kwa njia ya mtandao kunachelewa kwa nusu sekunde hivi. Alifuatilia hadi akakuta mlango wa siri uliopandikizwa ndani ya xz, programu ya kubana mafaili, akawatangazia wote. Toleo la majaribio la Ubuntu lililokuwa njiani likaahirishwa kwa wiki moja, ili vifurushi vyake vijengwe upya.