Kilo 7 za Asubuhi

Mizani tuliyotumia ilikuwa ya samaki. Ni ile ya kuning'iniza, yenye ndoano chini na uso wa mviringo kama saa ya ukutani. Mjomba aliiazima kwa mchuuzi wa sangara huko Kemondo, akamwambia kwamba ana kitu cha kupima kwa siku moja tu. Hakumwambia kuwa kitu chenyewe ni mkono wake.

Tulifunga kamba kwenye fimbo ya kuongozea ndege, tukaipitisha kwenye kapi, tukaining'iniza kwenye ile ndoano. Kazi yake ilikuwa kuvuta fimbo na kuishikilia kwa dakika 5. Ndio muda ninaokadiria kwamba rubani mwenye shida angehitaji ili azunguke uwanja na kutua. Mimi nilishika saa. Asubuhi, baada ya chai, alishikilia kilo 7 bila kulalamika. Jioni ya siku hiyohiyo, baada ya kushinda akipiga ribiti kwenye bawa, alishikilia kilo 4 na nusu, na kwenye dakika ya nne mkono ukaanza kutetemeka.

Nilikuwa na daftari mapajani na peni mkononi. Kwenye karatasi ya hesabu kuna sehemu moja tu ya kujaza: nguvu ya mkono wa rubani. Niandike ipi?

Nieleze kwanza hiyo ndege. Mjomba alikuwa fundi wa ndege kwa zaidi ya miaka 30. Alipostaafu alirudi Muleba, akanunua michoro ya ndege ndogo ya viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, akaanza kuijenga kwenye banda ambalo babu alikuwa akihifadhia kahawa. Ukiingia mle hadi leo unakutana na harufu mbili, ya kahawa kavu na ya rangi ya alumini. Majirani walicheka mwaka wa kwanza, wa pili wakazoea, wa tatu wakaanza kuleta wageni waje kuona. Leseni ya kurusha ndege ndogo anayo tangu ujana. Ila miaka miwili iliyopita aligongana na bodaboda barabara ya Bukoba, mkono wa kulia ukavunjika. Mfupa uliunga. Nguvu haikurudi yote.

Hapo ndipo ikaingia habari ya trimu. Kwenye mkia wa ndege kuna bawa dogo linalopanda na kushuka, elevata, ambalo ndilo linaloinua au kuteremsha pua ya ndege. Rubani huliongoza kwa fimbo. Lakini ndege haitulii peke yake: mwendo ukibadilika, abiria akiongezeka, mafuta yakipungua, elevata huanza kuvuta, na uvutaji huo humfikia rubani mkononi kama uzito. Akiachia, pua huenda isikotakiwa. Asipoachia, atabeba uzito huo safari nzima. Trimu ni kifaa cha kumpokea mzigo huo. Katika ndege nyingi ndogo ni kibao chembamba kwenye ukingo wa nyuma wa elevata. Ukikigeuza kidogo upande mmoja, upepo unakisukuma, nacho kinaisukuma elevata upande wa pili, mkono unapumzika.

Michoro ya mjomba haikuwa na kibao. Ilikuwa na springi chini ya fimbo na wenzo wenye meno, unaurusha jino hadi jino. Meno yenyewe yako mbalimbali mno. Jino hili linakuachia kilo moja ya kuvuta, linalofuata linakuachia kilo moja ya kusukuma. Kwa mtu mzima wa mikono hilo ni kero tu. Kwa mjomba ilikuwa ndiyo tofauti kati ya kuruka na kutoruka. Akanipigia simu Dar es Salaam, nikiwa mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili ya uhandisi mitambo, akasema, "Injinia, njoo unitengenezee kitu cha kunipumzisha mkono."

Nilikuja na jibu tayari kichwani: mota ndogo ya umeme mkiani, vitufe viwili kwenye fimbo, juu na chini. Kidole gumba kinatosha. Nilipomwonyesha mchoro aliutazama muda mrefu, akaniuliza swali ambalo sikulitarajia kwa mtu mwenye mkono mbovu. "Hii mota ikisukuma ikapitiliza, mimi nitajuaje?"

Nikamwambia kutakuwa na taa. Akacheka. Alisema miaka yote aliyofanya kazi, marubani waliokuja kulalamika kuhusu ndege walianza na neno moja: nimeihisi. Hakuna aliyeanza na nimeiona taa.

Nimelibeba jambo hilo mpaka leo. Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mara nyingi tunaitumia methali hiyo kumsuta asiyejali shida za mwenzake. Lakini nadhani inamgusa zaidi anayejali. Mimi nilikuwa nataka kumsaidia, na kwa sababu mzigo haukuwa mkononi mwangu, niliuona kama uzito mtupu, kitu cha kuondolewa. Kumbe uzito ule ni habari pia. Fimbo ikiwa nzito inamwambia rubani kwamba mwendo umeongezeka, au kuna kitu mkiani hakiko sawa. Nikiuondoa wote, nimempumzisha na nimemziba masikio.

Kuna watu walikufa kwa jambo la namna hii, na hawako mbali nasi. Machi 10, 2019 ndege ya Ethiopian Airlines iliondoka Addis Ababa kuja Nairobi, ikaanguka baada ya dakika 6 karibu na Bishoftu. Walikufa wote 157, na 32 kati yao walikuwa Wakenya. Ilikuwa Boeing 737 MAX. Watengenezaji walikuwa wamefunga injini kubwa zaidi, tabia ya ndege ikabadilika kidogo katika hali fulani, wakaweka programu ya kompyuta inayotumia trimu kuteremsha pua yenyewe. Programu hiyo ilitegemea kipimo kimoja tu cha nje ya ndege, na kipimo hicho kikatoa taarifa ya uongo. Marubani walikata umeme wa trimu kama walivyoelekezwa, wakajaribu kuzungusha gurudumu kwa mikono. Ndege ilikuwa kasi mno, gurudumu likawashinda. Na kabla ya ajali ya kwanza ya ndege za aina hiyo, ile ya Lion Air huko Indonesia Oktoba 29, 2018 iliyoua watu 189, marubani walikuwa hawajaambiwa hata kwamba programu hiyo ipo.

Sifananishi banda letu la kahawa na kiwanda kile. Ninachokiona ni kimoja: mahali fulani, mtu aliyekaa kwenye kiti aliamua mkono wa mtu asiyemjua ubebe nini, na uambiwe nini. Huenda alikuwa mtu mwema. Huenda naye aliona anapunguza kazi.

Kwa hiyo mota tuliiacha. Nikachora kibao cha mkiani kinachovutwa kwa kebo mbili, na gurudumu dogo upande wa kushoto wa kiti, ulipo mkono wake mzima. Gurudumu halina meno, unalizungusha taratibu mpaka fimbo iwe nyepesi kiasi unachotaka, na ukitaka ubaki na uzito kidogo, unabaki nao. Kebo ni zile za ndege, alizozitunza tangu kazini. Nilipopendekeza kebo za klachi ya pikipiki kwa utani hakucheka.

Lakini kila trimu inaweza kukwama, na hapa ndipo namba ya mkono inapohitajika. Kebo inaweza kukatika au kunasa wakati kibao kimegeuzwa mpaka mwisho. Ikitokea hivyo, rubani lazima aweze kuishinda trimu yake mwenyewe kwa nguvu za mkono hadi atue. Tena nguvu ya upepo kwenye kibao huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo: ukienda kasi mara mbili, inasukuma mara nne. Hivyo unaweka vizuizi, vipande viwili vya chuma vinavyosema kibao hakitageuka zaidi ya hapa. Vikiwa mbali, trimu inafaa kwa hali nyingi, ila ikikwama ni nzito. Vikiwa karibu, hata mkono dhaifu unaimudu, ila itafaa kwa hali chache.

Nilipiga hesabu. Ili trimu itoshe kwa rubani peke yake na pia kwa rubani na abiria nyuma, ikikwama mwisho itadai kilo 6 mkononi. Kilo 7 za asubuhi zinaibeba, kwa shida. Kilo 4 na nusu za jioni haziibebi. Kwa namba ya jioni, na akiba kidogo, nilipaswa kuishia kwenye kilo 3, yaani nusu ya mwendo wa kibao. Maana yake mjomba anaruka peke yake. Kiti cha nyuma kinabaki kitupu.

Kiti cha nyuma kilikuwa changu. Aliniahidi nikiwa darasa la nne, kabla hajakata hata kipande kimoja cha alumini, kwamba siku moja tutaruka tukiwa wawili tuione Bumbire kutoka juu. Kwa hiyo msomaji asidhani nilishika peni kama hakimu.

Mjomba alitaka kilo 7, na hoja yake haikuwa ya kitoto. "Nani huruka jioni?" aliuliza. Ziwa hutulia asubuhi, upepo na mawingu huja mchana. Ataruka saa moja, saa tatu amerudi. Kwa nini ahukumiwe kwa mkono wa jioni, wakati jioni atakuwa kibanjani? Halafu akaongeza ambalo ndilo gumu kulijibu: "Na huu mkono ni wangu. Nikikosea, nimejikosea."

Hilo la pili nalikataa, ingawa nilichukua siku nzima kupata sababu. Septemba 16, 2011, kwenye mashindano ya ndege huko Reno, Marekani, ndege ya zamani ya kivita iliyofanyiwa mabadiliko mengi ilipoteza kibao chake cha trimu. Nati zilizochakaa ziliacha skrubu zilegee, kibao kikapepesuka, ndege ikainua pua kwa nguvu iliyomzimisha rubani. Rubani alikuwa ameikubali hatari yake. Watu 10 waliokufa pamoja naye walikuwa watazamaji. Chini ya njia ya ndege ya mjomba kuna migomba, shule, na wavuvi wanaorudi na mitumbwi saa ileile ya utulivu anayoipenda yeye.

Mama, dada yake, hana haja na Reno. Yeye alikuwa Bukoba mjini Novemba 6, 2022, siku ndege ya Precision Air kutoka Dar es Salaam ilipoangukia ziwani karibu kabisa na uwanja. Walikuwemo watu 43, wakafa 19. Wavuvi ndio waliotangulia kufika kwa mitumbwi yao. Chanzo chake hakikuwa trimu, na nilimweleza mama hivyo. Akajibu kwamba yeye hajauliza chanzo.

Hoja ya asubuhi ilinitesa zaidi, kwa sababu ni ya kweli: kwa kawaida ataruka akiwa na kilo 7. Ila trimu hainaswi kwa kawaida. Ikinaswa, itakuwa siku ambayo mambo mengine nayo yameharibika, ameshindana na mawingu nusu saa, mkono umekwisha kuchoka. Rubani atakayehitaji vile vizuizi ni yule wa jioni, hata kama saa inasoma saa mbili asubuhi. Huyo hakuwepo bandani kujitetea. Aliyekuwepo ni mjomba aliyepumzika na kunywa chai, pamoja na mimi ninayetaka kuiona Bumbire.

Niliandika 4.5. Mjomba aliisoma, akafunga daftari, akaenda kurudisha mizani Kemondo. Siku mbili tuliongea habari za mvua tu. Siku ya tatu alinikaribisha kahawa ya kutafuna kama mgeni, jambo ambalo kwa mtu wa nyumbani si heshima, ni karipio. Tukatafuna kimya. Kisha akauliza vile vizuizi vinakaa milimita ngapi kutoka katikati.

Sijui kama nilimtendea haki. Kuna siku najiona nimemlinda, na kuna siku najiona kijana aliyempokonya mzee kitu kwa kutumia namba. Nilipunguza mzigo wa mkono wake nikauweka mwingine mahali ambapo hakuna trimu.

Nimerudi Dar. Wiki iliyopita alinitumia picha kwenye simu: gurudumu limefungwa, kebo zimenyooshwa, mikanda ya kiti cha nyuma imekunjwa na kufungwa kwa uzi. Vizuizi vinaonekana kwa mbali, upande wa mkia. Nimeikuza picha mara nyingi. Mara naona viko pale nilipochora, mara naona viko mbali zaidi kwa milimita kadhaa, na picha ikikuzwa sana inageuka vigae vya rangi tu. Nikampigia nikamwomba aweke rula pembeni apige tena. Akasema mvua inanyesha, banda lina giza, atapiga asubuhi.